Chumba cha Mwisho wa Korido

Maonyesho ya vifaa vya ujenzi yalifurika watu asubuhi ile. Wauza vigae walipaza sauti, wauza rangi wakapaza zaidi, na mashine ya kukatia marumaru ikawashinda wote. Katikati ya vurugu hiyo alipita kijana mrefu mwenye shati la samawati lililopigwa pasi upande mmoja tu, amebeba kompyuta iliyo wazi kwa mikono miwili kama sinia la vikombe. Alikuwa mchoraji wa ramani za nyumba, na hasira zilikuwa zimempanda. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye meza ya kampuni inayouza programu ya kuchorea nyumba, akaiweka kompyuta mbele ya dada aliyekaa pale.

"Dada, programu yenu imenitoboa paa," alisema.

Yule dada alivaa gauni la kijani lenye mikono mirefu na kitambaa cha rangi ya haradali kichwani. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kupokea simu za watu walioshindwa na programu hiyo: mwenye ukuta usionyooka, mwenye paa lililopinda, mwenye mlango unaofungukia chooni. Kwa hiyo hakushtuka. Aliinama akaitazama ramani, akaona sebule nzima imebaki wazi juu, kisha akaikuza picha kwenye pembe moja.

"Tazama hapa, kaka. Kuta zako mbili hazijagusana. Kwa macho zimeshikana, kumbe kuna upenyo. Programu haioni chumba, inaona uwanja. Na uwanja hauezekwi."

"Upenyo mdogo hivyo?"

"Mdogo hivyo hivyo."

Akausogeza ukuta mmoja kidogo tu, na paa likajifunga lenyewe. Kijana alipaswa kushukuru na kwenda zake. Badala yake alibaki ameduwaa, akitazama vidole vya yule dada kwenye kipanya, mpaka watu waliokuwa kwenye foleni nyuma yake wakaanza kuguna.

Wanaume wengine hupeleka maua. Huyu alipeleka mapaa mabovu. Alipiga simu ya huduma kwa wateja karibu kila siku, leo paa limeinama, kesho ukuta umevuka dirisha, keshokutwa sakafu ya juu inaelea. Dada akampachika jina la Bwana Paa. Naye akalipiza kwa kumwita Bi Mipangilio, kwa sababu kila jibu lake lilianza kwa kumwambia afungue mipangilio. Wafanyakazi wenzake walikuwa wakimwona dada akitabasamu peke yake na hedifoni kichwani, wakajua kuna jambo. Siku moja aliitazama ramani aliyotumiwa, akashusha pumzi.

"Bwana Paa, huu ukuta mtu ameuvuta makusudi."

"Nani anaweza kufanya unyama huo?"

"Mtu asiye na kazi."

"Au mtu asiye na namba yako ya simu, mpenzi."

Aliipata namba, na baada ya namba akapata mengine yote. Walioana, wakapanga vyumba viwili juu ya duka la magodoro, na kila jioni walikaa meza moja wakichora nyumba yao wenyewe. Kiwanja hawakuwa nacho, lakini waligombana kuhusu jiko kana kwamba matofali yameshafika. Mume alitaka paa pana la kumwaga mvua mbali, mkewe alitaka jiko lenye milango miwili. Yule dada, sasa bibi wa nyumba, aliposhika mimba, alichora chumba kimoja mwisho wa korido, akamkataza mumewe kukigusa. Dirisha alilishusha karibu na sakafu. Mume akalalamika kwamba hakuna nyumba duniani yenye dirisha la namna hiyo.

"Wewe ni mrefu, hujui shida," mkewe alimjibu. "Mwanangu atakuwa mfupi, na atataka kuona nje."

Mtoto hakufika kwenye chumba hicho. Mimba ilikuwa imeshakua kubwa uchungu ulipomshika bibi kabla ya wakati, mumewe akiwa mbali kwa mteja na simu yake imezima chaji. Majirani walimkimbiza hospitali. Mume alifika akihema, mkewe akiwa tayari kwenye chumba cha upasuaji, amelazwa kwa dawa ya usingizi. Alipozinduka, kila kitu kilikuwa kimekwisha, na waliotakiwa kuzika walikuwa wameshazika.

Watu walikuja kutoa pole, wakaondoka. Shangazi yake mume alikaa nao siku kadhaa, akawapikia, akawafulia, na kwa nia njema kabisa akawaasa wasilizungumze jambo lile maana watajitonesha kidonda. Wakamtii. Hapo ndipo walipokosea, nami sitawatetea. Walikula mezani wakiongea habari za umeme na maji. Kila mmoja alilia bafuni kwa zamu yake, amefungulia bomba ili mwenzake asisikie.

Mume hakuwa na maneno, akafanya lile aliloweza. Programu ile ina matabaka. Unaweza kuziweka kuta fulani kwenye tabaka lao peke yao, ukalizima, na zisionekane tena kwenye ramani ingawa bado zipo. Mchana mmoja, mkewe akiwa amelala, aliufungua mchoro wa nyumba yao akazificha kuta za chumba cha mtoto. Aliona amemwondolea mkewe mwiba. Hakumwambia.

Kumbe chumba kile ndicho mahali pekee mkewe alipotaka kwenda. Kaburi aliogopa, nguo ndogo zilikuwa zimeshagawiwa, na jina hakuna aliyelitamka. Jumapili moja, nyumba ikiwa tupu, alifungua kompyuta ili akitazame tu kile chumba na dirisha lake. Korido ikamfikisha kwenye ukuta mtupu. Alirudi nyuma, akaingia tena, akakuta vilevile. Huyu ndiye mwanamke ambaye kwanza humuuliza kila mteja kama amewasha matabaka yote. Siku hiyo hakujiuliza. Huzuni ilimpokonya hata ufundi wake, na aliona jambo moja tu, kwamba mumewe ameshamfuta mtoto wao, na hata hakuona haja ya kumwambia.

Mume aliporudi alimkuta mlangoni na begi, amevaa gauni jeusi na viatu vya safari. Alisema anakwenda kwa dada yake. Mume akamuuliza kwa nini, akajibiwa kwamba anajua mwenyewe. Na kweli alidhani anajua. Alidhani mkewe hawezi kumsamehe kwa ile siku ambayo simu ilizima. Akampisha apite, kwa kuwa moyoni naye alikuwa ameshajihukumu.

Alimpigia simu mara nyingi, haikupokelewa. Shemeji yake alipokea mara moja, akasema kwa upole kwamba mdogo wake hataki kuongea, wala hali chakula vizuri. Mume akakonda, ndevu zikamjaa. Alijua akimkosa sasa amemkosa moja kwa moja, na hakuona mlango wa kuingilia. Ndipo alipokumbuka kwamba kuna simu moja ambayo mkewe haruhusiwi kuikata.

"Huduma kwa wateja, karibu. Nikusaidie nini?"

"Nina shida ya paa."

Bibi aliijua sauti kabla sentensi haijaisha. Msimamizi wake alikuwa amesimama nyuma ya viti vyao, na mazungumzo yote yalirekodiwa. Akakaza sauti.

"Eleza shida yako, mteja."

"Kuna chumba nilikiondoa kwenye ramani, lakini paa lake limebaki. Nikiitazama nyumba kwa nje naona ukuta umeishia, halafu paa linaendelea mbele peke yake. Chini yake hakuna kitu."

Kazi ya bibi ilikuwa na swali moja la kuuliza hapo, la kila siku, na aliliuliza kwa shida.

"Kuta ulizifuta, au ulizificha?"

"Nilizificha. Kufuta nilishindwa. Nilijaribu, mkono ukakataa."

Bibi alisukuma kibodi kando. Msimamizi akageuka kutazama.

"Kwa nini ulizificha?" aliuliza bibi, na hili halikuwa swali la kazi.

"Mke wangu ndiye aliyekichora. Niliogopa akikiona ataumia. Sasa ameniacha, na ana haki, maana alipozidiwa sikuwepo."

"Hapana. Siyo hilo. Sijawahi kuliwaza hilo hata siku moja." Sauti ilianza kumtoka vipande vipande. "Mteja, hilo paa halitaondoka. Kuta zikiwepo paa lipo, hata zikifichwa. Usiguse chochote. Nakuja mwenyewe."

Msimamizi alifungua mdomo kusema kwamba kampuni haina huduma ya kwenda nyumbani kwa watu. Akamwona mwenzake akivua hedifoni na kupangusa uso kwa kitambaa cha kichwani, akaufunga.

Alimkuta mumewe mezani, shati halina pasi upande wowote. Hawakusalimiana. Bibi alivuta kiti, akashika kipanya, akaliwasha tabaka lililozimwa. Chumba kikarudi mwisho wa korido, na dirisha lake chini karibu na sakafu. Wakakitazama wote wawili, mabega yao yakigusana.

"Nilidhani umemfuta mtoto wetu," bibi alisema.

"Nisamehe, mke wangu."

"Na wewe nisamehe. Nilipaswa kukuuliza."

Mume akainamisha kichwa mezani akalia kwa sauti, bila bomba wala mlango wa bafuni. Mkewe alimshika shingoni, akamwacha alie mpaka akatulia. Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakuwahi kuuliza. Yeye alikuwa amelala kwa dawa siku ile, na ni mumewe ambaye muuguzi alimwekea mtoto mikononi. Katika dunia nzima, mzazi aliyemwona alikuwa huyu mmoja.

"Alifanana na nani?"

Mume aliinua kichwa, akamtazama. "Na wewe. Paji la uso lako, na kidevu hiki hiki. Nywele nyingi, nyeusi, zimelala upande mmoja. Muuguzi alizishika akasema hajaona nywele nzuri kama zile, kisha akanyamaza."

"Alikuwa mzito?"

"Mzito. Nilishangaa. Mikono ilichoka lakini sikutaka kumrudisha."

"Niambie yote," alisema mkewe. "Usiniruke kitu."

Akamweleza masikio, kucha, kikunjo kwenye shingo, blanketi lilikuwa la rangi gani, alimwambia nini mtoto kabla hawajamchukua. Alieleza polepole, akisimama pale sauti ilipomkatika, na mkewe alisubiri kila mara. Alipomaliza, mkewe alimwomba arudie pale pa nywele.