Seva Iliyopewa Jina la Mtoto

Harufu ya udi ilianzia kwenye chumba cha seva, mahali ambapo hata chapati hairuhusiwi kuingia. Kuluthumu aliinusa asubuhi ya kwanza aliporudi kazini kutoka likizo ya uzazi.

"Nani kafukiza humu?"

"Afukize nani, mama Habibu?" Erick, mwenzake wa zamu, akacheka. "Umetoka uzazini na udi wako puani."

Kuluthumu naye akacheka, basi, angefanya nini. Kazi yao ilikuwa kulinda mifumo ya kampuni ya bima ya mazao pale Dodoma mjini: seva ya chuma iliyomo chumbani, mashine zisizo na mwili zinazoishi ndani ya seva hiyo, na nyingine za kukodi huko mbali, wanazoziita wingu. Na ofisi nzima ilizoea kuzipa seva majina ya watoto wao. Ya zamani ilikuwa Loisi, binti wa Erick. Hii mpya ilifungwa Kuluthumu akiwa na tumbo la miezi minane, akaipa jina mwenyewe: Habibu. Kwao Kondoa, jina la mtoto halitamkwi kabla hajanyolewa siku ya saba. Alijua hilo. Lakini mbele ya kompyuta nani anakumbuka mambo ya nyumbani? Jina likakaa kwenye seva, likaitwa kutwa kucha, kabla mwenyewe hajazaliwa.

Mchana ule ule simu zao zikaanza kulia maonyo. Kuna mtu ameingia kwenye seva. Jina: Habibu. Alikotokea: ndani.

"Ndani wapi?" Erick akanong'ona, utani umemwisha. "Kulu, hatuna akaunti ya jina hilo. Nimeangalia."

Wakaifungia seva ya chuma. Akatokea kwenye mashine zisizo na mwili. Wakazitenga zile, akatokea kwenye wingu, anafungua milango ambayo funguo zake anazo Kuluthumu peke yake, na feni za seva zikaacha kuvuma kama feni, zikawa zinavuta na kutoa, zinavuta na kutoa, kwa kukwama kidogo katikati, na Kuluthumu akaganda pale pale, maana mkwamo ule anaujua, anaulalia kila siku, ni wa kifua cha mwanawe akiwa na mafua.

"Zima," akasema. "Erick, zima hicho kitu!"

Erick akachomoa waya. Kimya. Papo hapo simu ya Kuluthumu ikaita, ni mama mkwe wake kutoka Nkuhungu, analia: "Njoo mwanangu, mtoto hapumui, kabadilika rangi, njoo!"

"Rudisha waya!"

"Nini?"

"Rudisha, Erick, nakuomba, rudisha!"

Waya ukarudi, feni zikavuta, na kwenye simu mtoto akapiga ukelele.

Hospitali wakasema mtoto mzima. Mzima gani? Seva ikipata moto, naye anachemka. Udi ukahamia nyumbani, kwenye nepi, kwenye utosi wa mtoto, mpaka kwenye maziwa yake mwenyewe Kuluthumu. Mama mkwe akawachukua hadi Chemba kwa Maalim Uwesu.

Maalim alimsikiliza Kuluthumu akieleza kwa kulia, akamnusa mtoto kichwani, akarudi nyuma.

"Binti, ulilianika jina halina mwenyewe. Kimepita kitu kikalivaa. Mtoto alipokuja, akakikuta. Sasa wanapumua pamoja. Ukikiua hicho, unamuua huyu."

"Nifanye nini, maalim?"

"Apewe jina jingine, ulijue wewe tu. Likishamshika, lile la zamani likafutwe kila lilipo. Pasisalie hata mahali pamoja."

"Na lisipomshika?"

Maalim akamtazama mtoto. "Leteni mbuzi," akasema.

Mbuzi akachinjwa, kichwa cha mtoto kikanyolewa upya, watu wote wakatoka nje, na Kuluthumu akamnong'oneza mwanawe jina sikioni. Kisha akampigia Erick.

"Futa. Ya chuma, zisizo na mwili, za wingu, na nakala zote."

"Nikifuta hairudi, Kulu. Una uhakika?"

"Sina. Futa."

Akakaa na mtoto kifuani na simu begani.

"Ya chuma, tayari." Mtoto akatetemeka. "Za ndani yake, tayari." Mtoto akalegea. "Wingu…" na kifua kile kidogo kikasimama, Kuluthumu akakiwekea sikio, hakuna kitu, akaita lile jina jipya kwa mnong'ono, akaita tena, akaita, mwanangu nisikie, nisikie baba, usinifanyie hivi, mpaka mtoto akavuta pumzi ndefu, safi, isiyokwama popote, akageuza uso kutafuta ziwa. Utosi wake ulinuka maziwa tu.

"Imekwisha," Erick akasema. "Hakuna Habibu popote."

Kuluthumu akalia kwa sauti. Erick naye akasikika akipenga kamasi. Halafu vidole vyake vikasikika vikigonga kibodi, haraka haraka.

"Kulu."

"Enhe."

"Mmembadilisha mtoto jina?"

"Nani kakwambia?"

"Hakuna. Kuna mashine mpya inajiwasha kwenye wingu, na mimi sijagusa kitu." Sauti yake ikashuka. "Inaitwa Khalidi."

Mtoto akaachia ziwa, akatazama juu ya bega la mama yake, pale pasipokuwa na mtu, akaitika.