Samaki wa Giza, Unga wa Mbalamwezi

Nilizaliwa Baraka, kando ya ziwa, mwaka 1954. Baba yangu aliitwa Ramazani, mvuvi wa ndagala. Mama yangu aliitwa Saumu. Mimi ndiye Rehema, mtoto wao wa kwanza. Mambo haya yalitokea nikiwa bado mtoto wa kubebwa mgongoni, kwa hiyo siyakumbuki mwenyewe. Mama alinisimulia. Na mama yangu hakujua kusimulia kitu mara moja tu akanyamaza, basi nimeyasikia mpaka nimechoka, na bado nayapenda.

Kwanza mjue kazi ya ndagala. Ndagala ni samaki wadogo sana wa ziwa letu la Tanganyika. Wanavuliwa usiku. Wavuvi wanawasha moto mbele ya mtumbwi, samaki wanaufuata mwanga, nao wanachotwa kwa wavu, na asubuhi wanaanikwa juani. Lakini mbalamwezi ikiwa kali, ziwa lote linakuwa jeupe. Samaki hawaufuati tena moto. Siku hizo wavuvi wanakaa nyumbani, wanashona nyavu na kuwasumbua wake zao.

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Siku za giza nyumba ilijaa samaki. Siku za mbalamwezi hatukuwa na hata mmoja. Na shamba hatukuwa nalo.

Unga wetu wa muhogo ulitoka milimani, njia ya kwenda Fizi. Aliyeuleta ni mkulima mmoja, mama Marthe, mwanamke mrefu wa maneno machache. Siku ya soko alishuka na kitunga cha unga kichwani. Mama alimpa samaki, yeye akampa mama unga.

Lakini walivyopeana, ungecheka. Marthe alimwaga samaki wote juu ya mkeka, aone kama chini ya kitunga kuna mchanga. Mama naye alizamisha mkono ndani ya unga mpaka kwenye kiwiko, aone kama chini umelowa. Kisha kila mmoja alifunga mzigo wake na kuondoka. Hata habari za watoto hawakuulizana.

Mama alikuwa na sababu. Kabla sijazaliwa, mwanamke mmoja alichukua kwa mama kitunga kizima cha ndagala. Alisema, "Kesho nitaleta unga." Kesho hiyo haijafika mpaka leo. Tangu hapo mama aliapa kutoa mkono kwa mkono tu. Huna kitu, hupati kitu.

Ukaja wakati wa mvua. Ilikuwa siku za giza na samaki walikuwa wengi. Siku ya soko Marthe alifika na kitunga kitupu.

"Mama Rehema, muhogo yangu iko bado ndani ya mayi, nimeiloweka," alisema. "Nikiitoa, haikauke, mvua ni kila siku. Unipe samaki leo. Soko ingine nitakuletea unga."

"Hapana," mama alijibu. "Miye natoa mkono kwa mkono."

"Lakini jua haiko. Samaki yako itaoza."

"Ioze. Iko yangu."

Wakaoza kweli. Ndagala bila jua hawangoji mtu. Jioni ile ile mama alibeba vitunga mpaka ufukweni, akawamwaga ziwani, huku ameziba pua. Marthe alikuwa bado sokoni na aliona yote. Alibeba kitunga chake kitupu, akapanda mlima.

Kisha mbalamwezi ikarudi, na unga ukaisha nyumbani. Baba aliomba kwa ndugu zake, lakini wote walikuwa wavuvi, na vyungu vyao vilikuwa vitupu kama chetu. Mama alikula majani ya muhogo bila bukari, ugali wetu wa unga wa muhogo. Mimi nilikuwa nanyonya, na maziwa yake yakapungua. Nililia mpaka sauti ikawa nyembamba. Siku moja baba alinishika mkono, akaangalia vidole vyangu vilivyokonda, akatoka nje bila kuaga.

Siku ya soko mama alinifunga mgongoni na kwenda kwa Marthe.

"Mama Marthe, nakuomba unga kidogo. Giza ikirudi nitakupa samaki."

Marthe alifunika kitunga chake.

"Ile siku ulipenda kutupa samaki kuliko kunipa mi," alisema. "We mwenyewe ulisema mkono kwa mkono. Basi mkono wako uko na nini leo?"

Mama aligeuka. Alirudi nyumbani akilia, na mimi nikilia mgongoni mwake.

Jirani yetu, mama Adolphine, alitusikia. Alikuwa mjane na mfinyanzi wa vyungu. Alibisha hodi, akaingia na uji kidogo ndani ya kibuyu. Alimpa mama, akangoja amalize, ndipo akauliza. Mama alimweleza yote. Na kwa sababu alikuwa na hasira, akaongeza:

"Na weye, Mama Adolphine, sikuelewe. Kwako mafuta ya ng'ombe haiishake. Hata siku vyungu vyako viko bado mubichi. Unayatoa wapi?"

Adolphine akacheka.

"Bibokoboko, kule juu mulimani. Kwa mama mumoja mwenye bwana yake anachunga ng'ombe. Mbele sikumujua. Batu baliniambia, 'Batu ba mulima habarudishake kitu.' Na yeye, batu ba kwao balimwambia, 'Batu ba ziwa banadanganya.' Tuliogopana sana. Basi nikamupa chungu kimoja kidogo. Nilichagua kile chenye kikipotea, sitalia."

"Akakimbia nacho?"

"Alirudi na kikombe cha mafuta. Nikamupa chungu kikubwa kupita cha kwanza. Akarudi tena. Polepole, hivyo hivyo. Leo nikiwa sina chungu, ananipa mafuta tu. Yeye akiwa hana mafuta, anabeba chungu tu. Hakuna mwenye anauliza."

"Na kama hangerudi ile siku ya kwanza?"

"Ningepoteza chungu kidogo, na ningemujua yeye ni muntu gani. Weye umepoteza vitunga vizima vya samaki ndani ya ziwa, na mpaka sasa haumujue Marthe. Haujue kama ni muzuri ao mubaya. Haukumupa njia ya kukuonyesha."

Mama aliweka kibuyu chini. Aliniambia kwamba neno hilo lilimuuma kuliko njaa.

"Sasa nifanye nini?" aliuliza. "Sina samaki. Mbalamwezi iko kali."

"Kitu kidogo haikosekane nyumbani. Weye ndiye ulikosa, basi weye ndiye utaanza. Peleka kile uko nacho, sema pole, urudi kwako. Usiombe unga ile siku. Ukiomba, ataona kama umemutegea mutego. Na kisha, siku ukishindwa kuleta, sema mapema. Usimukimbie sokoni. Na siku yeye akishindwa, umuulize kwanza, ndipo ukasirike."

Nyumbani kulikuwa na ndagala wakavu kidogo tu, kiganja kimoja. Walikuwa samaki wa baba, aliowekewa kwa sababu kazi yake ni ngumu. Baba alisema, "Peleka. Mutoto kwanza." Mama akawafunga ndani ya jani la mgomba.

Siku ya soko alimwekea Marthe furushi lile mkononi. Marthe alifungua, akaangalia.

"Unataka nini?"

"Sitaki kitu. Ile siku ya mvua nilikosa. Ningekupa samaki, wewe na batoto yako mungekula. Sasa nimeona njaa, nimejua. Pole, mama."

Akageuka kuondoka. Nyumbani hakuwa na unga hata wa kufunika kucha. Alikuwa amefika mwisho wa soko aliposikia anaitwa.

"Mama Rehema. Mutoto yako anakonda."

"Sina maziwa mingi."

Marthe alichota bakuli la unga, likafurika.

"Hii haiko ya soko," alisema. "Ni ya mutoto."

Siku ile tulikula bukari. Mama alisema alikula polepole kwa aibu, na haraka kwa njaa, sijui aliwezaje.

Giza liliporudi, mama hakungoja. Marthe alikuja na unga kidogo, mama akampa samaki wengi kupita unga ule. "Kamata," alimwambia. "Utaona mwenyewe." Soko lililofuata Marthe alirudi na unga mwingi. Kisha wakaongeza, na wakaongeza tena. Siku moja Marthe alichelewesha unga wake, lakini alituma neno mapema, na mama akalala usingizi. Siku nyingine ndagala wa mama walilowa kidogo, naye alisema mwenyewe kabla Marthe hajagusa kitunga. Marthe aliacha kumwaga samaki juu ya mkeka. Mama aliacha kuzamisha mkono ndani ya unga. Hakuna aliyemwambia mwenzake aache. Badala yake walikaa chini kidogo, wakaulizana habari za watoto, na wakawasema waume zao, kazi ambayo wote wawili waliiweza sana.

Mvua za mwaka uliofuata zilikuwa kali kuliko zote. Ilikuwa siku za giza. Mama alitenga kitunga cha Marthe, akawakausha samaki kwa moshi wa jikoni, uliotosha kitunga kimoja tu, kwa sababu jua halikuwapo. Siku ya soko Marthe hakuja. Soko la pili hakuja pia, wala hakutuma neno.

Hapo akatokea mchuuzi mmoja, Nicolas, aliyekuwa anapita na mtumbwi mkubwa kutafuta samaki. Alitaka kitunga kile. Alifungua sanduku, akatoa kitenge kipya, kizuri mno.

"Mupe," baba alisema. "Yule mama wa mulima amekusahau."

"Sijamuuliza bado," mama alijibu.

"Na samaki ikioza tena?"

"Haitaoza. Ninaiwashia moto kila siku. Hii samaki iko ya Marthe."

Nicolas alikunja kitenge chake na kwenda kwa wengine. Mama hakujifanya hakukitaka. Alikiangalia mpaka mtumbwi ukageuka kona.

Akatuma neno kwa watu waliokuwa wanapanda njia ya Fizi: "Mumwambie Mama Marthe samaki yake iko." Watu wale walirudi siku ile ile. Mto unaokata njia ulikuwa umejaa, hakuna mtu aliyevuka. Ujumbe haukufika. Lakini mama alishusha pumzi. Sasa alijua ni mto, si Marthe.

Mvua ikapungua, mbalamwezi ikarudi. Unga wetu ulibaki wa chungu kimoja. Mama alikuwa anatwanga majani nje, mimi nikijifunza kutembea karibu, alipoona mtu anakuja na matope mpaka magotini. Ni Marthe, na kitunga kikubwa cha unga kichwani. Haikuwa siku ya soko. Alikuwa amevuka mto mara tu maji yalipopungua.

Mama alimtua mzigo, akamletea maji ya kunywa.

"Mama Marthe, mbalamwezi ndiyo hii, na hatuvue. Umekuja kutafuta nini?"

"Sikuja kutafuta," Marthe alisema. "Najua samaki yangu ilikwenda kwa wengine, si kosa yako, sikukuja masoko mawili. Lakini nilihesabu mwezi kichwani. Nikasema unga kwako inaisha, na mutoto hawezi kungoja giza. Basi nimeleta tu."

Mama aliinuka. Aliingia jikoni, akapanda juu ya kigoda, akashusha kitunga kilichokuwa juu ya moshi. Akakiweka miguuni pa Marthe na kuondoa kifuniko. Samaki walikuwa wamejaa, wakavu, hakuna hata mmoja aliyeoza.

Marthe aliangalia samaki. Akamwangalia mama. Yule mwanamke wa maneno machache akakaa chini na matope yake, akafunika uso kwa kitambaa cha kichwa.

"Uliniwekea," alisema.

"Iko yako," mama akasema.

Walipika bukari na samaki, wakala sahani moja, pamoja na baba na mama Adolphine. Walipomaliza, mama alininyonyesha mbele yao. Nilinyonya nikashiba, na Marthe ndiye aliyenipokea nikalala mapajani pake.

Baba na mama wamekwisha kutangulia, na Marthe pia. Mimi niko. Mwili huu ulikua kwa samaki wa mmoja na unga wa mwingine. Aksanti, mama. Aksanti, Mama Marthe, uliyevuka mto ukidhani unakuja kutoa bure.