Nilibadilisha Nne Ikawa Kumi na Nne

Kila asubuhi nafanya mambo matatu kabla ya kumsalimia mtu. Nanawa, navaa glavu, nafungua sanduku la barafu lenye damu za wanamichezo na kuandika nyuzijoto zake.

Siku ile nikaandika 4. Safi kabisa.

Nikashika chupa ya kwanza, nikasoma namba iliyobandikwa juu yake…

Namba ile naijua!

Jamani, maabara yetu hupima homoni za ukuaji, ili kuwanasa wanaojichoma sindano wapate kushinda. Chupa hazina majina, ni namba tu. Lakini dada yangu ni mkimbiaji, na nakala ya fomu yake ya kutolewa damu, yenye namba ileile, aliibandika kwenye friji letu. Nilikuwa naiona kila nikichukua maziwa.

Kanuni inasema ukijua damu ni ya nani, sema, kisha kaa pembeni.

Mimi naona haya hata kuomba chumvi mezani. Nikanyamaza.

Nikapima.

Juu, karibu mara tatu ya kawaida!

Nikarudia. Vilevile.

Kumbe zile medali… dada yangu ni mwizi?

Wangemfungia miaka, na mbio ndiyo pumzi yake. Nikachukua kalamu, nikaongeza moja mbele ya ile nne.

14.

Mkuu wetu, tunayemwita Barafu, akachungulia daftari.

"Kumi na nne? Sanduku lilikuja likiota jua?"

"Ndiyo… bosi."

"Damu iliyopata joto haimhukumu mtu. Futa majibu, teketeza zote."

Nikarudi nyumbani najiona shujaa.

Shujaa gani, ndugu zangu!

Miezi minane baadaye dada akaanza kugonga vitu. Fremu ya mlango. Kona ya kabati.

"Dada, umelewa?" nikamtania.

"Mlango ndio umelewa, mtaalamu. Unanifuata."

Tukacheka. Mungu wangu, tulicheka!

Daktari hakucheka. Alituonyesha picha ya kichwa. Kwenye tezi chini ya ubongo kulikuwa na uvimbe, na uvimbe wenyewe ndio uliokuwa ukimwaga homoni za ukuaji na kubana mishipa ya macho.

"Kwa hiyo… hajawahi kujichoma chochote?" nikanong'ona.

"Huyu ni mgonjwa, binti. Kipimo kimoja tu cha damu, mapema, na macho yake tungeyaokoa."

Kipimo kimoja. Nilikuwa nacho. Nilikiteketeza kwa mikono yangu.

Uvimbe ulitolewa. Pembeni haoni tena. Hakimbii tena.

Sasa kila bega lake likigonga ukuta, nasikia kalamu ikichora ile moja. Nikifumba macho ipo, nyembamba, imesimama wima, inanisubiri…

Wewe unayesoma, ukimshuku unayempenda, muulize. Usimfichie kosa ambalo hata hujui kama analo.

Jana mchana alikuwa akipapasa meza akitafuta kikombe chake. Nikashindwa kujizuia.

"Dada… damu yako ilipita mikononi mwangu. Nilidhani unajichoma. Nikabadilisha namba ili wasikukamate. Macho yako nimeyaharibu mimi."

Akaacha kupapasa. Akageuza kichwa chote kunitafuta.

"Macho nitayazoea," akasema taratibu. "Lakini miezi yote ile uliniona mwizi… na ukawa unanimiminia chai?"