Glavu za Kambere

Wivine, mke wangu, alinituma mkaa jioni ile. Nikapitia kwanza mtaa wa Birere, kwenye depo moja ambako vitu vya Kambere vilikuwa vinapigwa mnada. Mimi sijiwezi kwa mambo ya mpira. Jezi zilizochanika, viatu vya wachezaji waliosahaulika, chumba kizima nyumbani kimejaa. Na Kambere alikuwa golikipa ambaye mpira ukimfika mikononi, umekwisha. Alifia uwanjani akiwa ameukumbatia. Ilisemekana walimzika nao, maana vidole vilikataa kufunguka.

Niliona ni porojo za mashabiki tu.

Kaka zake ndio waliokuwa wakiuza. Jezi ziligombaniwa kwa kelele. Zikaletwa glavu...

Kila mtu alificha mikono kwapani. Nikawacheka moyoni, nikanyoosha mkono peke yangu.

Kwa kawaida sinunui kitu bila kukijaribu mwilini. Nikazivaa palepale. Zilikuwa na joto ndani, na unyevu, na harufu ya nyasi zilizokatwa muda si mrefu.

Mjane wake, mama Kaswera, akanishika kiwiko. Mkono hakuugusa.

"Papa, umeivala?" alinong'ona. "Matanga haiyaisha. Kitu ya mufu haivaliwe mbele ya kumaliza matanga. Niliambia bashemeji, balinicheka."

"Basi nitaivula."

"Vula. Lakini usishike mutu."

Nilimuuliza mpaka lini. Akatazama chini, akaondoka.

Glavu zilivulika bila shida yoyote. Nikapata amani, nikapanda pikipiki.

Nyumbani nilimpa motari, mwenye pikipiki, mkono wa kuagana, kama tunavyofanya siku zote. Vidole vyangu vikafunga. Alicheka kwanza, akidhani ni utani. Halafu akavuta. Halafu akaanza kuniomba, muzee, muzee, na mimi namwomba yeye anisaidie... mpaka kitu kikalia ndani ya kiganja chake. Kah! Ndipo vidole vikaachia, kwa wakati vilioutaka vyenyewe. Alikimbia bila kudai nauli.

Ndani, Mahoro alikuwa amesikia pikipiki. Binti yangu huyo kila jioni hunirukia nimbebe.

Nikakimbilia chumba cha jezi, nikajifungia. Wivine akauliza mkaa uko wapi. Nikamwambia ampeleke mtoto kwa jirani, upesi. Akajibu kwamba nimelewa, akarudi jikoni. Dirisha lina nondo, nilizitia mwenyewe kwa kuogopa wezi. Nikajifunga mikono kwa jezi, nikakaza fundo kwa meno. Niliogopa kama sijawahi kuogopa maishani.

Hatua ndogo zikaja. Zikasimama.

"Papa. Unibebe."

Akalala kifudifudi, nikaona kivuli chake kimeziba mwanga wa chini ya mlango. Kisha vidole vyake vikapenya kwenye uwazi. Ni mchezo wetu. Yeye huvichezesha, mimi huvikamata, anacheka.

"Mahoro, tosha mikono," nilisema. "Tosha, itoe, mama."

Akacheka. Akaviingiza zaidi.

Harufu ya nyasi ikajaa chumbani. Fundo lililegea, na wala sikuwa nimelilegeza. Niliubana mgongo ukutani, nikakaza miguu sakafuni kwa nguvu zote, nikimwita Wivine...

Mikono ilikuwa imeshashuka sakafuni. Ilikuwa inatambaa kuelekea mlangoni, na mimi nikiburutwa nyuma yake.