Mstari wa Nana Tiwaa

Akirudi kutoka shule, Pokuaa alikuwa na kazi za kumaliza kabla hajaruhusiwa kugusa kompyuta: kufua soksi, kufagia ua na kumenya mihogo ya fufu ya jioni. Mama yake, Dufie, hakuwa mkali kwa mambo mengi, lakini kwa hilo hakuwa na mchezo. Kompyuta ilikuwa ya kazi. Dufie alipanga shughuli za watu pale Kumasi, harusi, mahafali na mikutano ya kanisa, na Pokuaa, msichana wa miaka kumi na mitatu, alikuwa amejifunza mengi kwa kuchungulia tu begani kwa mama yake.

Wiki ile hakukuwa na harusi. Nana Amponsaa, bibi yake Pokuaa, alikuwa amefariki, na safari hii mpangaji ndiye aliyekuwa mfiwa. Dufie alikaa mezani macho yamemvimba, kilemba cheusi kichwani, akiorodhesha kazi za mazishi ya mama yake mwenyewe kwenye jedwali la kompyuta. Nje mvua ilikuwa ikinyesha tangu asubuhi, na nyumba nzima ilinuka nguo zilizokataa kukauka.

"Pokuaa, unakumbuka nilivyokuonyesha kuhamishia jedwali kwenye ile programu ya kupanga kazi?"

"Nakumbuka, Maame."

"Basi nisaidie. Kichwa kinapasuka, na fundi wa jeneza ananisubiri."

Jedwali lenyewe halikuwa gumu. Kila mstari ulikuwa kazi moja. Zilikuwepo kazi kubwa chache, kama vile Usafiri, Chakula, Ibada, na Viti na Maturubai, ambazo Dufie aliziita kazi mama. Nyingine zote zilikuwa kazi ndogo, watoto wa hizo kubwa. Kila kazi mama ilikuwa na namba, na katika safu ya mwisho kila mtoto aliandikiwa namba ya mama yake, ili programu ijue imuunganishe wapi. Baada ya hapo kila mhusika angeona kazi zake kwenye simu yake mwenyewe. "Kumleta Nana Tiwaa kutoka Nkoranza" ilikuwa mtoto wa Usafiri, na Usafiri ulikuwa mikononi mwa Wofa Bediako, yaani Mjomba Bediako, kaka yake Dufie.

Nana Tiwaa alikuwa ndugu pekee wa marehemu aliyebaki hai. Yeye ndiye aliyetakiwa kumfunika dada yake kitambaa cha mwisho kabla jeneza halijafungwa.

"Ukishahamisha, kagua mmoja mmoja," Dufie alisema akivaa viatu. "Kila mtoto awe kwa mama yake. Sawa?"

"Sawa, Maame."

Pokuaa alibonyeza, na kazi zikaanza kujipanga kwenye kioo, watoto wakijisogeza chini ya mama zao. Ila mstari mmoja ulibaki chini kabisa, umegeuka mwekundu. Programu ilisema haimjui mama wa mstari huo. Ulikuwa mstari wa Nana Tiwaa. Dufie, kwa uchovu wake, alikuwa ameandika herufi O mahali pa sifuri. Kwa macho haionekani tofauti, lakini mashine haikuielewa.

Pokuaa aliutazama ule wekundu. Namba aliiona iko sawa kabisa. Angeweza kumpigia mama yake simu. Lakini Birago, rafiki yake wa nyumba ya pili, alikuwa anamwita uani, mvua imepungua, wasichana wenzao wameshaanza kucheza ampe, mchezo wa kuruka na kupiga makofi. Basi akaichukua namba ya mstari wa juu yake, akainakili kwenye mstari wa Nana Tiwaa. Wekundu ukatoweka. Hakusoma ile namba ilikuwa ya mama gani. Akafunga kompyuta, akatoka mbio.

Dufie aliporudi aliuliza, "Umekagua?"

"Nimekagua."

"Mmoja mmoja?"

"Mmoja mmoja, Maame."

Dufie akaketi kitini kama mtu aliyetuliwa gunia. "Mungu akubariki, mwanangu. Hujui ulivyonisaidia."

Ijumaa ua wa nyumba ya ukoo ulijaa watu. Maturubai mekundu na meusi yalikuwa yamefungwa, na maji ya mvua ya jana yalikuwa bado yametuama juu yake yakichuruzika. Yaw Gyamfi, kijana wa kukodisha viti, alipomaliza kupanga safu ya mwisho alitoa simu, akatia alama ya vema kwenye Viti na Maturubai. Kazi yake imekwisha. Programu nayo, kama ilivyo kawaida yake, ikatia vema kwa watoto wote wa kazi ile.

Pokuaa alikuwa ameshika simu ya mama yake, akiangalia kazi zinavyogeuka kijani moja baada ya nyingine. Alijisikia fahari, mpaka macho yake yalipofika chini ya Viti na Maturubai. Mahema, imekamilika. Viti vya plastiki, imekamilika. Kumleta Nana Tiwaa kutoka Nkoranza, imekamilika.

Akausoma tena mstari ule.

Wofa Bediako alikuwa pale pale, ameegemea gari lake, anakula waakye, wali wa kunde, kwenye jani. Nkoranza ni mwendo wa saa chache tu. Maneno mawili yangetosha. Pokuaa akapiga hatua kumwendea, na hapo hapo shangazi mmoja, Konadu, akamshika mkono akamgeuza kwa wageni waliotoka Accra.

"Mnamwona huyu? Ndiye aliyetupangia mambo yote kwenye kompyuta. Mtoto mdogo hivi!"

"Ei! Kichwa hiki ni cha bibi yake," mgeni mmoja akasema. "Hongera, Maame Mdogo."

Wote wakacheka kwa upole, kicheko cha msibani. Pokuaa akatazama chini. Atawaambiaje sasa kwamba hakukagua? Akajipa moyo: Nana Tiwaa atakuwa amepata lifti. Watu wengi wanatoka upande ule. Huenda hata ameshafika. Alipoinua kichwa, gari la Wofa lilikuwa linatoka getini kwenda mochwari kuuchukua mwili.

Aliendelea kujipa moyo hivyo hadi Jumamosi asubuhi, wakati Nana Amponsaa alipolazwa sebuleni, amevikwa kente, na watu wanapita kumuaga. Mchungaji akaomba ndugu wa marehemu asogee.

"Nana Tiwaa yuko wapi?" Dufie akauliza.

"Si amelala kwako, Konadu?" mmoja wa wazee akasema.

"Kwangu? Mimi nilijua amelala kwa Bediako!"

Macho yote yakamgeukia Wofa. Akatoa simu. "Usafiri wangu wote huu hapa. Hakuna Nana Tiwaa. Jana nilipoona kwenye simu ya Dufie imeandikwa ameshaletwa, nikajua mmemtuma mtu mwingine."

Dufie akaifungua simu yake, akatafuta. "Hii hapa. Imetiwa vema na... Yaw?"

Yaw Gyamfi aliitwa. Alisimama mlangoni, matope miguuni. "Mimi? Mama, mimi ni mtu wa viti. Huyo bibi hata simjui."

"Simu yako inasema umemleta!" Konadu akafoka. "Unatia vema vitu usivyovifanya? Kwenye msiba wa watu? Huna aibu?"

"Wallahi, auntie, mimi sikusoma..."

"Hukusoma! Msikieni! Na malipo yako pia hatutasoma!"

Pokuaa alikuwa nyuma ya pazia. Alimwona yule kijana anavyotazama huku na huku akitafuta mtu mmoja wa kumwamini, na hakumpata.

"Ni mimi," Pokuaa akasema. Hakuna aliyesikia. Akasogea mbele. "Maame, ni mimi. Mstari ulikuwa mwekundu, nikauwekea namba ya juu yake. Sikukagua. Na jana niliona, sikusema."

Dufie alimtazama bintiye. Kisha akageuka. "Kaka, nenda. Nenda sasa hivi."

Walijaribu kungoja. Mchungaji alirefusha sala, kwaya ikarudia nyimbo. Simu waliyozoea kumpata nayo Nana Tiwaa ilikuwa ya jirani, na jirani alikuwa shambani. Makaburini kulikuwa na maziko mengine yanafuata, na mbingu ilikuwa imeshaanza kunguruma. Mwishowe wazee wakatikisa kichwa. Konadu ndiye aliyekishika kitambaa, akamfunika marehemu, na jeneza likafungwa.

Wofa alirudi watu wameshatoka makaburini, wameketi chini ya maturubai. Nana Tiwaa alishuka garini taratibu, amevaa nyeusi, kifurushi kimefungwa kwapani. Wofa alieleza kwa sauti ya chini kwamba alimkuta ameketi kwenye benchi mbele ya nyumba yake. Tangu Ijumaa alikuwa akiketi hapo, akiingia ndani usiku na kutoka tena kulipokucha. Alidhani wamemsahau.

"Ameshazikwa?" Nana Tiwaa aliuliza.

Dufie alipiga magoti mbele yake, akalia kwa mara ya kwanza siku ile.

Jumapili, baada ya ibada ya shukrani, Dufie aliifungua kompyuta akamwita Pokuaa. Wakaupata mstari. Kwenye jedwali la awali wakaiona ile O; wakaifuta namba aliyonakili Pokuaa, wakaandika ya Usafiri kwa sifuri, na kazi ikahama yenyewe kwenda kukaa chini ya Usafiri. Ilikuwa kazi ya dakika moja. Dufie akaiondolea alama ya vema.

"Umeona? Kosa la kwanza lilikuwa langu," alisema. "Mimi ndiye niliyeandika vibaya. Nilichoka, nikakosea, kama mtu yeyote. Programu ikatuambia kuna kosa, wewe ukainyamazisha. Hata hapo tungeweza kurekebisha. Ijumaa pia tungeweza, gari lilikuwepo, njia ilikuwepo. Kilichotuzuia ni wewe kutaka kuendelea kusifiwa." Akainamisha kichwa. "Kwa kukosea sitakupiga, Pokuaa. Lakini ukiniambia umekagua, mimi naacha kuangalia. Wofa naye anaacha kuangalia. Watu wote wanafumba macho kwa sababu wewe umesema umefumbua yako. Unaelewa uzito wake?"

"Naelewa, Maame."

"Yaw yuko nje anakusanya viti. Konadu ameshamwomba radhi. Wewe bado."

Pokuaa alikwenda. Yaw alimsikiliza bila kuacha kupanga viti, akasema tu, "Jana nilidhani nimekwisha, mdogo wangu." Pokuaa akamsaidia kubeba viti hadi vikaisha.

Aliporudi alimkuta Nana Tiwaa peke yake barazani, ameketi akitazama mvua. Akapiga magoti. "Nana, nisamehe."

"Nimekusamehe jana. Huzuni ndiyo iliyobaki, na hiyo huwezi kuniondolea." Bibi akapapasa kiti cha pembeni. "Keti. Wewe ulimwona dada yangu alivyolala. Mimi sikumwona. Nieleze."

Pokuaa aliketi. Alitaka kusema kwamba Nana Amponsaa alikuwa kama amelala usingizi, kwamba alitabasamu, maneno ambayo watu wazima huambiana.

"Usinipambie," Nana Tiwaa akasema, kana kwamba amemsikia. "Ulichokiona tu."

Basi Pokuaa akasimulia. Kente ilikuwa ya kijani na dhahabu. Mikono ilikuwa imewekwa tumboni, wa kulia juu ya wa kushoto. Uso ulikuwa umepungua, mashavu yameingia ndani. Nywele walizisuka, lakini upande mmoja zilikuwa zimelegea. Machozi yalimtoka bibi, hakuyafuta.

"Na shanga za mama yetu? Za bluu. Walimvisha?"

Pokuaa alifikiri. Alijua jibu ambalo lingemfariji. Alijaribu kuuona tena ule mkono, ile shingo, na hakukumbuka kama palikuwa na shanga.

"Sijui, Nana. Hapo sikuangalia."

Nana Tiwaa aligeuka, akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Vyema," alisema. "Ukishaweza kusema hujui, ndipo mtu anaweza kuyaamini yale unayoyajua. Sasa naamini na hayo mengine yote. Tutamwuliza Konadu habari za shanga. Endelea. Miguuni walimvisha nini?"