Kujulikana Si Kutambuliwa

Mume wangu ni fundi cherehani, na mimi natia vifungo. Kibaraza chetu kina vyerehani viwili, meza ya kukatia na pasi ya mkaa. Siku ninayowasimulia, pasi ilikuwa imewaka tangu asubuhi na hakuna aliyenyoosha nayo nguo hata moja. Macho yetu yote yalikuwa kwenye simu iliyolazwa mezani.

Binti yetu tunamwita Chiriku, kwa sababu hanyamazi. Siku hiyo alinyamaza. Alitaka kuwa mtaalamu wa maabara ya hospitali, yule anayepima damu ili daktari ajue anatibu nini. Vyuo vikuu viwili vya umma vilikuwa vimemkubali kwa kozi hiyo. Alitakiwa kuthibitisha kimoja kabla ya saa kumi jioni. Ukithibitisha, umethibitisha. Hakuna kurudi nyuma.

Chuo cha kwanza watu wanakiita Mnara. Ndicho kikongwe kuliko vyote nchini. Picha ya mnara wake iko kwenye majalada ya madaftari, na hata asiyejua kusoma anaijua. Cha pili wanakiita Sabuni, kwa sababu kilianzia kwenye majengo ya kiwanda cha sabuni kilichofungwa. Vijana wa mtaani wanasema anayehitimu pale anaweza asiwe na akili, lakini msafi ni lazima awe.

"Hapa hakuna mjadala," mume wangu alisema. "Mtoto anakwenda Mnara. Nimeshawaambia wateja wote."

"Kwani wateja ndio wanaokwenda kusoma?"

"Mama Chiriku, usianze."

Chiriku mwenyewe alikuwa upande wa baba yake. "Mama, rafiki zangu wote wanakwenda Mnara. Nikienda Sabuni watanicheka mpaka nizeeke."

Namba ya siri ya kuthibitishia ilikuwa imeingia kwenye simu tangu saa sita. Fundi alisema amalizie kwanza koti jeupe la mteja, kisha athibitishe kwa mkono wake mwenyewe. Alitaka heshima hiyo. Nikamwacha na heshima yake, nikachukua barua za vyuo nisome.

Niwaambie ukweli. Mimi nimejifunza kusoma ukubwani, kwenye darasa la jioni. Nasoma polepole, neno kwa neno, kidole juu ya mstari. Siwezi kuruka neno, maana nikiruka napotea. Mume wangu anasoma haraka. Barua ya Mnara aliisoma muhuri tu. Chiriku alisoma ukurasa wa kwanza, akapiga vigelegele, akaishia hapo hapo.

Mimi nilifika ukurasa wa pili. Chini kabisa kulikuwa na maandishi madogo kama mchanga. Nikayasoma kwa sauti: "Kozi hii ni mpya. Bado ha-i-ja-ta-mbu-li-wa na baraza la wataalamu wa maabara. Maombi yamewasilishwa."

Nikainua kichwa. "Haijatambuliwa maana yake nini?"

"Maana yake haijulikani," fundi alisema, miguu haijaacha kukanyaga cherehani. "Wamekosea kuchapa. Mnara unajulikana dunia nzima."

"Hawajaandika haijulikani. Wameandika haijatambuliwa."

"Si mamoja hayo?"

"Kama ni mamoja, mbona wameyaandika kwa herufi ndogo hivi?"

Hapo akaudhika. Alisimamisha cherehani, akaichukua simu. "Darasa la jioni limekupa kiburi. Nathibitisha sasa hivi, yaishe."

Nilimpokonya ile simu. Miaka ishirini na mbili ya ndoa, sijawahi kumpokonya mume wangu kitu. Nikaitia kwenye mfuko wa aproni na kuushika mfuko kwa mikono miwili. Chiriku akaanza kulia. Mume wangu hakupiga kelele, na hilo lilinitisha zaidi. Alisema tu, taratibu, "Ukimharibia mtoto maisha, utanijibu."

Niliogopa. Nilijiuliza, wewe mtia vifungo ni nani hata uwabishie waliosoma? Ilikuwa saa nane na robo.

Aliyetuokoa ni mwenye koti jeupe. Ni jirani yetu wa nyumba ya tatu, anafanya kazi kwenye maabara ya kituo cha afya. Alikuja kuchukua koti lake, akatukuta kila mtu anatazama upande wake.

"Jamani, kuna msiba?" aliuliza.

Nikampa barua, nikamwekea kidole kwenye ule mstari. Aliusoma mara mbili. Akavuta kigoda, akakaa.

"Kaka fundi, mkeo kasoma vizuri," alisema. "Kujulikana ni jambo moja. Kutambuliwa ni jambo jingine."

"Unataka kuniambia Mnara ni chuo kibaya?"

"Hapana. Ni chuo kizuri sana, na jina lake hawakuliokota. Kilianza mapema, kikiwa peke yake. Kwa hiyo majaji, mawaziri na wahariri wengi walipita pale, na kila wakizungumza wanakitaja. Kipo mji mkuu, magazeti yako jirani. Walimu wake wanafanya utafiti, na wasomi wa nchi nyingine wanausoma. Basi kila mwenye alama nzuri anataka kwenda huko. Wenye alama nzuri wakijaa, jina linapanda. Jina likipanda, wengine nao wanakimbilia. Ndivyo linavyozunguka."

"Sasa tatizo liko wapi?" Chiriku aliuliza, huku anafuta machozi.

"Tatizo ni kwamba wewe husomi jina, mwanangu. Unasoma kozi. Vyuo vyote viwili serikali inavitambua. Lakini kazi yetu ina baraza lake. Baraza linakwenda kukagua kila kozi. Walimu wana sifa gani? Darubini ni ngapi kwa wanafunzi wangapi? Wanafanyia mazoezi hospitali gani? Likiridhika, linaitambua. Ukihitimu kozi iliyotambuliwa, unaweza kupata leseni. Bila leseni, huruhusiwi kutia saini majibu ya mgonjwa."

"Hata ukitoka Mnara?"

"Hata ukitoka mbinguni."

Nilicheka, lakini nilicheka peke yangu.

"Pale kazini tuna mwenzetu, mama wa watoto wawili," jirani aliendelea. "Ana digrii ya chuo chenye jina, tena jina kubwa. Kozi yake haikuwa imetambuliwa. Ana akili kunishinda mimi. Mwaka wa tatu huu anaandika majina ya wagonjwa kwenye chupa. Akiona jambo la hatari kwenye darubini, lazima aniite mimi nije kutia saini. Akigeuka, namwona anafuta macho."

Fundi alikuwa anazungusha tepu ya kupimia kwenye vidole. "Lakini watu watasema nini? Sabuni, kweli?"

"Kaka, wewe unashona lebo. Mteja anakuletea lebo ya ng'ambo, unamshonea ndani ya koti ulilolikata hapa hapa. Akipita mtaani anaamkiwa. Je, mshono umebadilika?"

Fundi alitupia jicho meza ya kukatia. Lebo kumi na mbili zilikuwa kwenye droo saa hiyo hiyo, na sote wawili tulijua.

"Ila msiniamini mimi," jirani alisema. "Mimi mwenyewe nimesoma Sabuni, naweza kukipendelea. Pigieni baraza simu. Wana orodha ya kozi zote walizozitambua. Ulizeni wenyewe."

Niliitoa simu kwenye aproni, nikampa Chiriku. Alipiga. Inatumika. Akapiga tena. Inatumika. Saa tisa ikapita. Saa tisa na nusu, bado inatumika. Mume wangu alikaa, akasimama, akakaa.

"Tutakosa vyote viwili," alisema.

Nilimwonea huruma. Aliacha shule darasa la tano ili ashike cherehani. Jina la Mnara alilitaka kwa ajili ya mtoto, lakini alilitaka kwa ajili yake pia.

Saa kumi kasoro robo, mtu alipokea. Chiriku aliongeza sauti ili sote tusikie, akataja vyuo vyote viwili kwa majina yao rasmi. Tulisikia karatasi zinafunuliwa.

"Kozi ya chuo cha pili imo," mtu wa baraza alisema. "Ina mwaka wa saba sasa. Ya chuo cha kwanza haimo bado. Wameomba, tutakwenda kukagua."

Mume wangu akainamia simu. "Samahani, bado maana yake lini?"

"Mzee wangu, bado ni bado. Inaweza kuwa mwaka huu, inaweza kuwa baada ya miaka mitatu. Siwezi kukuahidi."

Simu ikakatwa. Fundi alimtazama binti yake. Akiwa na jambo zito huwa anamwita mama.

"Mama," alimwambia, "mimi nilitaka jina. Wewe unataka nini?"

"Nataka kupima damu, baba." Alikuwa analia. "Lakini watanicheka."

"Watakucheka, ndiyo," nilimwambia. "Maneno hayavunji mfupa. Kukaa na digrii bila leseni ndiko kunakovunja."

"Thibitisha mwenyewe," fundi alisema. "Maisha ni yako." Ilikuwa saa kumi kasoro dakika sita. Chiriku alivuta pumzi, akabonyeza Sabuni.

Kicheko kilikuja kweli. Mwaka mzima wateja walimuuliza fundi kama binti yake ameshatakata. Mwanzoni aliinamisha kichwa. Baadaye alijifunza kuwajibu: "Kozi ya wangu imetambuliwa. Ya wako umeiulizia?" Wengine walikwenda kuuliza. Mteja mmoja aliulizia uhandisi wa Mnara, akaambiwa umetambuliwa tangu zamani na wahandisi wake wanasifika. Mwanawe akaenda Mnara, na alifanya sawa kabisa.

Sasa Chiriku amemaliza, na leseni anayo. Wiki iliyopita fundi alipata homa, nikampeleka kituo cha afya. Tulikaa kwenye benchi na watu wapatao ishirini. Binti yetu alikuwa akitoka mlango wa maabara, anaita jina, anatoa majibu, anarudi ndani. Homa yote ile, mume wangu alikaa wima. Nilimjua. Alikuwa anasubiri mtu aulize yule dada kasoma chuo gani, ili atoe maelezo yote tangu mwanzo.

Mama mmoja aliyebeba mtoto anayehema kwa shida alipewa karatasi. Aliigeuza mbele na nyuma.

"Haya majibu ni ya kweli?" aliuliza.

"Ni ya kweli, mama. Nimepima mwenyewe, nimetia saini mwenyewe. Mpeleke kwa daktari sasa hivi, usipange foleni."

Yule mama akakimbia na mtoto wake. Habari ya chuo hakuuliza.