Mvua ya Milimita Ishirini na Mbili

Jamani, hili hutaliamini, lakini lilitokea kweli: kijiji kizima nje kidogo ya Mtinko nusura kipoteze mbegu zake za alizeti, na sababu haikuwa nzige wala ndege. Sababu ilikuwa namba moja, iliyoandikwa kwa kalamu ya bluu na mtoto wa darasa la sita!

Mtoto huyo aliitwa Winfrida. Kila asubuhi, ikifika saa tatu kamili, alikuwa uwanjani kwenye chuo cha kilimo, mbele ya kipimamvua. Chuo kile kina klabu ya hali ya hewa. Wanachuo hupima mvua, joto na upepo, wanaandika kwenye daftari kubwa, kisha wanaweka jumla kwenye ubao ulioko getini. Mvua ikifika milimita hamsini ndani ya siku kumi, ubao unaandikwa PANDENI, na wakulima wanaamka na majembe. Wakati wa likizo ya Desemba wanachuo huenda makwao, na kazi inabaki kwa wanachama wadogo wawili kutoka shule ya msingi jirani: Winfrida wa kupima, na Elisha wa kuandika ubao.

Winfrida alijivunia jambo moja kuliko yote. Wanachuo walimwambia, "Tangu klabu ianze hatujawahi kuruka siku. Usije ukatuharibia wewe!"

Sasa sikia. Jumamosi moja, akishamaliza kupima, mama yake alimchukua kwenda Ulemo kwenye ubatizo wa binamu. Winfrida hakumwambia mtu. Usiku ule mvua ikamwagika Ulemo, acha kabisa! Jumapili jioni aliporudi, alikimbilia chuoni. Ardhi ilikuwa na unyevu. Lakini mbuzi walikuwa wameingia uwanjani, na chupa ya kipimamvua ilikuwa imelala chini, tupu.

Akafungua daftari. Mstari wa Jumapili ulikuwa mweupe. Maneno ya wanachuo yakamrudia. Akaikumbuka mvua ya Ulemo, akaandika: 22.

Elisha alipokuja na chaki yake akachungulia. "Ishirini na mbili? Wewe Winfrida, kwetu hata bati halikulia vizuri!"

"Ulikuwa umelala wewe. Unakoroma kama trekta, utasikiaje bati?"

Elisha akacheka, akajumlisha. Thelathini za wiki ile na ishirini na mbili, jumla hamsini na mbili. Akaandika kwa herufi kubwa: PANDENI.

Jumatatu asubuhi Winfrida alimkuta bibi yake, Bi Magreth, shambani, na kibuyu cha mbegu kiunoni. Mistari mitatu ilishapandwa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Njoo unisaidie kufukia."

Winfrida akapiga jembe mara moja. Juu udongo ulikuwa na unyevu, lakini chini ya urefu wa kidole ulikuwa mkavu, vumbi tupu.

"Bibi, mbona chini pakavu?"

"Hata mimi nimeshangaa. Lakini ubao umesema, nani atabishana na ubao? Hizi ndizo mbegu zangu zote. Zikiota jua likazichoma, mwaka huu hatuna alizeti."

Winfrida akatazama bondeni. Mashamba yote yalikuwa na watu wameinama. Jembe likamdondoka. "Bibi, simama kwanza! Usipande!" Akatimua mbio.

Mwalimu Dorkas, mlezi wa klabu, alikuwa anakunywa chai barazani. Winfrida alisalimia huku analia, akasema yote: Ulemo, mbuzi, ishirini na mbili. "Niliogopa mwalimu. Klabu haijawahi kuruka siku."

"Nani kakudanganya?" Mwalimu akaingia ndani, akatoka na daftari la kwanza la klabu, la mwaka 2009, limekuwa njano. "Huyu Antipasi ndiye aliyeanzisha klabu, baada ya mbegu za wakulima kuungua na jua, wakapanda mara mbili mwaka mmoja. Hakuwa na kipimamvua, alipimia kopo la mafuta ya kula. Soma hapa."

Winfrida akasoma: *Sikupima. Malaria.* Ukurasa mwingine: *Sikupima. Kopo limeibiwa.*

"Mistari kama hiyo ipo mingi," Mwalimu alisema. "Ndiyo maana namba zilizobaki tunaziamini. Haya, panda pikipiki."

Walizunguka mashamba yote. Mwalimu aliendesha, lakini kipaza sauti cha chuo alimpa Winfrida. "Jamani wakulima, msipande! Ile namba niliitunga mimi, Winfrida. Sikupima!"

Mzee Chediel akainuka na jembe lake. "We mtoto! Unatuchezea? Mgongo wangu huu nani ataulipa?"

"Nisamehe babu. Shikamoo."

"Marahaba! Yaani shikamoo inakuja mwisho!" Watu wakaangua kicheko, hata yeye mwenyewe. Kisha akarudisha mbegu zake mfukoni.

Siku ya tisa baada ya hapo mvua ilinyesha kweli, usiku kucha. Asubuhi Winfrida alipima mara mbili, Elisha akihakikisha: milimita hamsini na tano! Bi Magreth alipoteza mistari yake mitatu tu, na Winfrida ndiye aliyeipanda upya.

Jioni Mwalimu Dorkas alipita shambani kwao. "Winfrida, kutokujua siyo kosa," alisema. "Sema tu sijui. Kosa ni kujifanya unajua, kwa sababu kuna mtu ataweka mbegu zake zote juu ya neno lako."

Haya, wewe unayesoma, niambie ukweli. Ungekuwa Winfrida, watu wote wale wanakutazama, ungekishika kile kipaza sauti? Au ungenyamaza, ukaomba mvua inyeshe kesho?